Mwaka wa Maganda Matupu

Duka la bunduki lilikuwa limeanza kuuza miavuli. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

Nilikuwa nimeshuka kwenye basi muda si mrefu, begi begani, vumbi hadi kwenye kope. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikuwa ameniagiza kwa simu: "Shemeji, kabla hujaja nyumbani pitia dukani, uulize kama risasi zimeingia." Nikapita. Rafu ambazo zamani zilijaa maboksi mpaka darini sasa zilibeba ndoo za plastiki, tochi, kamba na miavuli ya kila rangi. Kwenye rafu iliyoandikwa RISASI alikuwa amelala paka.

Mwenye duka watu walimwita Kesho, kwa sababu tangu mwaka ule uanze hakuwa na jibu lingine.

"Zimeingia?" akauliza mtu mmoja mbele yangu.

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Na leo nasema kesho. Mimi si kigeugeu."

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Wote pale walikuwa na bunduki za halali nyumbani na vibali mfukoni, na hakuna aliyekuwa na cha kuweka ndani ya bunduki yake. Alikuwapo mlinzi wa shamba la miwa, walikuwapo wafugaji, na fundi baiskeli mmoja mwembamba ambaye nguruwe pori walikuwa wamemmalizia mihogo. Kila mtu na sababu yake. Huyu anasema kiwanda kimefungwa. Yule anasema meli imekwama. Mwingine anasema kuna vita mahali na risasi zote za dunia zimekwenda huko, "na wala hawalengi, wanamwaga tu." Bei nayo haikukaa mahali pamoja. Zile chache zilizopita kwa Kesho ziliuzwa moja moja kama sigara, na fundi baiskeli aliapa kwamba bei aliyotajiwa akiwa mlangoni siyo aliyotajiwa alipofika kaunta.

"Ulitembea polepole," Kesho akamwambia.

Nikatoka mikono mitupu, nikashika njia ya nyumbani.

Nyumba ya marehemu iko ukingoni mwa mji, pale lami inapokata tamaa na vilima vinapoanza. Vyumba vitatu vya bati, na nyuma yake zizi la miti lililojaa mbuzi. Shemeji anaishi hapo na mama yetu. Mimi nilizaliwa na miguu inayowasha. Nimefanya kazi migodini, kwenye malori, kwenye mashamba ya watu, na kila nirudipo mama hunipokea kwa maneno yaleyale.

"Mguu-na-njia umerudi? Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe, mama."

"Hasara tupu. Nawa mikono, ule."

Shemeji alikuwa zizini anakamua. Nikamwambia "hakuna" kabla hajauliza. Hakuinua kichwa. Maziwa yaliendelea kupiga ndoo, chwa, chwa, chwa, halafu akasema, "Nilijua. Lakini mtu hachoki kuuliza."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Vilimani kuna fisi, na fisi hawa hawana adabu. Mbuzi ndio waliosomesha watoto wa nyumba ile, ndio dawa za mama, ndio bati lile la juu. Na kilichowaweka mbuzi hai ni bunduki ya marehemu. Sasa sheria inasema bunduki ya marehemu hukaa kwa mjane kwa kibali cha muda tu, mpaka siku ya mkaguzi wa silaha. Siku hiyo mjane anasimama uwanjani kama mwanamume yeyote na kupiga shabaha. Akifaulu, bunduki ni yake. Akishindwa, inakwenda stoo ya serikali na haitoki tena. Bila bunduki hakuna mbuzi, na bila mbuzi shemeji angefunga nyumba na kwenda kuombaomba kwa ndugu.  

Zamani mtu alipiga risasi kumi, na za kujaribia juu yake. Kwa uhaba ule wakapunguza: risasi tano, hakuna kujaribu, nne ziingie kwenye duara jeusi. Na risasi unakuja nazo mwenyewe.

Shemeji alinifungulia kopo la maziwa ya unga. Ndani, zimefungwa kwenye kitambaa, zilikuwamo risasi tano za marehemu, zote za boksi moja, zinang'aa kama meno.

"Tano hizi hapa," nikasema. "Basi tatizo nini?"

"Shemeji, mimi bunduki nimeipiga mara mbili tu tangu nizaliwe, na mara zote nilifumba macho. Mdogo wako alicheka mpaka akakaa chini. Nikizifanyia mazoezi hizi, sina za mtihani. Nisipofanya mazoezi, ni kama nimezitupa mtoni."

Kabla sijamjibu tukasikia hodi. Aliingia jirani, mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia mnada. Wote walimwita Bwana Mlio. Alipiga kunguru, alipiga makopo, alipiga hewani akifurahi na akikasirika. Habari za uhaba zilipokuwa bado mnong'ono, yeye alikuwa amekwenda kwa Kesho akanunua duka zima, akabakisha paka.

"Karibu," mama akamwambia, kwa ile karibu ya kumfukuza mtu.

"Asante mama. Dada, nasikia mtihani unakaribia," akamwambia shemeji. "Nikasema mimi ni jirani mwema, nimsaidie risasi mbili tatu za mazoezi."

"Kwa bei gani?"

"Aa, hela za siku hizi zina maana gani? Asubuhi hivi, jioni vile. Mimi nimeamua kuuza kwa kitu kisichobadilika. Mbuzi mmoja, risasi moja. Fundi baiskeli ameshanipa wake."

Shemeji alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Yaani nikupe mbuzi, unipe risasi ya kulindia mbuzi."

"Hapo umenielewa."

"Nikimaliza kununua, nitakuwa nalinda nini? Harufu?"

Mama alicheka mpaka kikohozi kikampata. Bwana Mlio naye akacheka, ila kwa mdomo tu.

"Basi niuzie bunduki na mbuzi wote pamoja, upumzike. Bunduki inataka mtu aliyezoea mlio. Mimi napiga kila siku ya Mungu. Wewe mlio peke yake utakuangusha chali."

"Asante kwa ushauri, jirani."

"Utanifuata mwenyewe," akasema, akaenda zake, na tulipomsikia amefika kwake, pa! Akawa ameua kopo.

Mchana ule nikakumbuka jambo. Niliwahi kuwa mlinzi mgodini, na tajiri wetu alikuwa bahili wa kupindukia. Alitupa bunduki, risasi akaweka chini ya kitanda chake. Mazoezi tulifanya kwa ganda tupu na sarafu. Tulimlaani sana mzee yule. Lakini nilitoka pale nikijua kitu kimoja: mtu haogopi risasi, anaogopa mlio. Mwili unajua mlio unakuja, basi kabla haujafika unajikunja, na mtutu unainama. Jicho limelenga vizuri, kidole kimevuta vizuri, ila bega limeshakimbia. Na ukipiga risasi nyingi hivyohivyo unazidi kulifundisha bega kukimbia.

Kopo la marehemu lilikuwa na maganda pia, yale yanayobaki risasi ikishapigwa. Nikachukua moja, nikamwonyesha shemeji: unaliweka ndani kama risasi, unakoki, unalala kifudifudi, unalenga. Mimi naweka sarafu juu ya mtutu, mwishoni kabisa. Unavuta triga. Sarafu ikianguka, umekosa.

Sarafu tuliyotumia ilikuwa ile ambayo haikununua tena hata pipi. Mama akasema angalau imepata kazi.

Tukachora duara la mkaa kwenye ukuta wa choo. Shemeji akalala juu ya gunia, akavuta. Ta! Sarafu ikaanguka. Akavuta tena, ikaanguka. Jua lilizama sarafu ikianguka, na mbuzi wakitutazama kama wazee wa baraza wanaosubiri kutoa hukumu. Kesho yake vilevile. Siku zikapita, akawa anajifunza kuvuta triga kama mtu anayekamua chuchu ya mbuzi mkali, polepole, bila kushtua, mpaka yenyewe itoe. Hilo alilisema yeye, na tangu alipolisema sarafu ikaanza kukaa.

Nikafurahi. Mama hakufurahi.

"Inakaa kwa sababu kuna kimya," akasema. "Huko uwanjani kuna kimya?"

Akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa na mwiko wa chuma, akakaa kwenye kigoda nyuma ya shemeji.

"Mama, unafanya nini?"

"Mimi ndiye mlio. Lenga, mwanangu."

Akasubiri. Akasubiri mpaka shemeji akasahau. Halafu, GWAA! Shemeji akaruka, sarafu ikapotelea kwenye majani, mbuzi wakavunja mti mmoja wa zizi.

"Tena," mama akasema.

Majirani walisema tumerukwa na akili. Ajuza anapiga sufuria, mwanamke analenga choo, na mzee mzima anatafuta sarafu kwenye majani kwa magoti. Bwana Mlio alikuja ukingoni mwa ua kila jioni kutuchekea. "Jamani, choo kimekufa au bado?" Mama alimjibu kwa kumpigia sufuria yeye. Lakini ilifika siku mama alipiga mpaka mwiko ukapinda, na sarafu haikutikisika. Ilikaa pale juu ya mtutu kama imegandishwa. Shemeji aligeuza kichwa akatutazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Halafu fisi akaja.

Ilikuwa alfajiri, mwanga wa kwanza wa kijivu. Nilisikia mbuzi wakilia ule mlio wa kubanwa koo, nikatoka na kiatu kimoja. Shemeji alikuwa ameshatoka, bunduki mkononi. Fisi dume mkubwa alikuwa amepenyeza kichwa na mabega pale mti ulipovunjika, na alikuwa ameshamshika mbuzi jike mguu. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka: risasi tano, mtihani tano. Hata yeye alikumbuka, maana nilimwona amesita, kidole nje ya triga. Akamtazama yule mbuzi. Akapiga goti.

Mlio ule ulitembea vilimani ukarudi. Fisi alilala palepale, nusu ndani, nusu nje, kama mlevi aliyeangukia mlangoni.

Mama akatoka akamwangalia. "Moja," akasema. "Marehemu alikuwa akitumia tatu."

Tulishangilia, tukacheka, mbuzi aliyeumwa tukamfunga mguu. Kisha shemeji akafungua kopo, na kicheko kikaisha. Risasi nne. Nikakimbia kwa Kesho. "Kesho," akasema. Nikamwambia mtihani wenyewe ni kesho kutwa. Akanionea huruma kweli, akanipa mwavuli kwa nusu bei.

Hakuna mlango mwingine uliobaki. Shemeji akaenda zizini, akachagua. Tulikuwa na beberu mmoja tuliyemwita Mheshimiwa, kwa sababu alikula vya watu na hakuna aliyeweza kumhoji. Alikuwa amekula kanga mbili, kitanzi cha kamba, na soksi zangu. Hata hivyo shemeji alimshika masikio kwa muda kabla ya kumfunga kamba.

Bwana Mlio alitupokea mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Nilisema utanifuata."

"Ulisema. Lete risasi."

"Mbona huyu ana sura ya mwizi?"

"Ndiye ninayemwamini zaidi kukaa na wewe."

Alimeza hilo, akaenda kwenye ghala anakoweka chumvi ya ng'ombe, akajifungia ndani, akatoka akiifuta risasi kwenye suruali. Shemeji aliipokea, akaigeuzageuza. Ilikuwa haing'ai kama zile nyingine. Lakini risasi ni risasi, na mwenye njaa hachagui kijiko.

Usiku kucha ubishi ulikuwa mmoja: hii ya kununua ipigwe ya ngapi? Mimi nilisema ya mwisho. Mama akasema la. "Mgeni hutangulizwa mlangoni. Mjue tabia yake mapema, muwe na nafasi ya kujipanga."

Uwanja wa shabaha ni machimbo ya zamani ya mawe, ukuta wa mwamba nyuma, vibao mbele. Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na maneno machache.

"Anayecheka kwenye mstari anarudi nyumbani. Anayegeuza mtutu nyuma anarudi bila bunduki. Risasi isiyolia imehesabiwa. Kila mtu na alichokuja nacho."

Watu walijaa juu ya machimbo kama kwenye mpira. Fundi baiskeli alikuwapo, mlinzi wa miwa alikuwapo, hata Kesho alifunga duka. Bwana Mlio alikuja na boksi zima la risasi chini ya kwapa, watu walione vizuri. Kibali chake nacho kilikuwa kinataka kuhuishwa.

"Mjane, mbele."

Shemeji akalala kifudifudi. Akaweka ile risasi ya mgeni. Akakoki. Kimya kikashuka mpaka nikasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Akavuta.

Ta.

Basi. Ta, kama ganda tupu. Hakuna moshi wala mlio. Juu ya machimbo watu wakaguna, na sauti ya Bwana Mlio ikasikika, "Risasi imekufa kwa woga!"

"Usifungue," mkaguzi akasema. "Kaa vivyo hivyo, mtutu mbele." Wakasubiri, maana risasi ya namna ile yaweza kulia kwa kuchelewa. Mkaguzi akainama, akautazama mtutu, akamtazama shemeji, akautazama mtutu tena. Haukuwa umesogea hata unywele. Aliinua nyusi. Kisha akamruhusu atoe.

"Imehesabiwa. Umebaki na nne."

Na duara linataka nne. Sasa hapakuwa na ya kupoteza. Nilitafuta mkono wa mama, nikaukuta umeshika mwiko. Alikuwa amekuja nao kwenye mkoba.

Ya kwanza ya marehemu ililia, na mtazamaji wa vibao kule mbele akainua bendera nyeupe. Imo. Ya pili, bendera. Nilimwona shemeji anapumua, anatulia, anapumua, kama yuko juu ya gunia lake nyuma ya nyumba na choo kiko mbele yake. Ya tatu, bendera, na mtu mmoja akasahau amri akapiga mluzi.

Ya nne ililia, na bendera haikuinuka.

Mtazamaji wa vibao alikuwa ameinama, pua karibu iguse kibao. Akamwita mkaguzi kwa mkono. Mkaguzi akatembea mpaka kule, hatua zake ndefu zile, na sijapata kuona njia fupi ikiwa ndefu namna hiyo. Akatoa kipimo mfukoni, akakiweka kwenye tundu. Mama alikuwa ameacha kupumua, na mimi nilikuwa nampumulia.

"Imegusa mstari," mkaguzi akasema kwa sauti ya kufika juu. "Inayogusa mstari imo."

Nasikia watu walipiga kelele. Mimi sikusikia, kwa sababu mama alikuwa ametoa kifuniko cha sufuria kwenye mkoba ule ule, na alikuwa anakipiga sikioni mwangu. GWAA! GWAA! GWAA! Fundi baiskeli alikuwa anaruka kama anayekanyaga moto. Shemeji alibaki amelala pale, paji la uso juu ya kitako cha bunduki, mabega yakitikisika. Sasa alikuwa na ruhusa ya kutikisika.

"Bwana wa ng'ombe, mbele," mkaguzi akaita.

Bwana Mlio akashuka kwa madaha. Alichagua risasi tano kwenye boksi lake kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akalala, akalenga. "Tazameni sasa mtu aliyezoea," akasema.

Ta.

Lakini mtutu wake! Uliinama chini ghafla kama kuku anayekunywa maji. Risasi haikulia, kwa hiyo hapakuwa na moshi wala teke la bunduki la kumsitiri. Kila mtu aliona. Machimbo yote yakacheka, na mkaguzi hakumrudisha mtu nyumbani.

Ya pili ililia, vumbi likaruka hatua chache mbele yake.

"Mzee," mkaguzi akasema, "unamlenga nani? Siafu?"

Ya tatu, ta, na kuku akanywa maji tena. Alipoinuka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Miaka yote ile ya kupiga makopo karibu karibu, bega lake lilikuwa linakimbia, na mlio ulikuwa unamfichia.

"Ni risasi!" akafoka. "Kiwanda kimetuuzia uchafu!"

Mama alikuwa ameshamfikia fundi baiskeli, ambaye zamu yake ndiyo ilifuata. Akachukua risasi moja kwenye kiganja chake, moja ya zile alizotolea mbuzi. Akaitazama. Kwenye kitako ilikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe. Akailamba.

"Hii imeungwa," akasema.

"Mama, acha!" nikamwambia.

"Nakwambia imeungwa. Mimi nimekula chumvi nyingi hapa duniani, siwezi kuikosea."

Mkaguzi akaja, akaichukua, akaikwangua kwa ukucha. Akamgeukia Bwana Mlio. "Unaziweka wapi?"

Bwana Mlio alitazama chini, akatazama juu, akatazama boksi lake. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwahi kuwa nayo, kwamba aliogopa wezi, na pia aliogopa wakaguzi, maana zilizidi kiasi anachoruhusiwa mtu. Basi alizifukia ndani ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. "Chumvi haiozeshi kitu," akasema. "Hata nyama inakaa."

"Nyama, ndiyo," mkaguzi akasema.

Chumvi ilikuwa imevuta unyevu mwaka mzima na kuinywesha kila risasi, taratibu, mchana na usiku, huku mwenyewe akilalia mlango. Jioni ile gari la ofisi ya silaha lilikwenda kwake likabeba magunia. Bunduki yake nayo ikabebwa, ikae stoo mpaka mtihani ujao, maana anayehuisha kibali hupewa nafasi ya pili. Fundi baiskeli na wengine waliouziwa uchafu ule walipewa nafasi ya kurudi siku hiyohiyo ya mtihani ujao, vibali vyao vikabaki mkononi.

Shemeji alirudi nyumbani na kibali cha kudumu na kopo tupu. Bunduki yake halali, na hakuna hata moja ya kuweka ndani. Nilianza kulisema hilo, mama akanikanyaga mguu.

Siku chache baadaye Bwana Mlio akapiga hodi. Safari hii aliipiga kwa kucha.

"Dada," akasema, "fisi wamenichukulia ndama. Sina bunduki. Nakuomba uwe unatupia jicho na upande wangu."

Nilidhani shemeji atamtajia ng'ombe mmoja kwa risasi moja. Nafsi yangu ilitaka sana amtajie. Yeye akaendelea kumfunga bandeji yule mbuzi jike.

"Rudisha mbuzi wa watu," akasema. "Wote. Mchana, kwa barabara kubwa, mlango kwa mlango. Halafu tuongee habari za ndama."

Na akarudisha. Nawaambia, mji mzima ulitoka kutazama. Bwana Mlio mbele, ameshika kamba nyingi, mbuzi wa kila rangi nyuma yake, kila mmoja akivuta kwenda kwao. Mheshimiwa alikuwa mwisho, amenenepa kwa chumvi, na mdomoni alikuwa na kipande cha mwavuli mpya wa Bwana Mlio, vyuma vikining'inia.

Jioni hiyo fundi baiskeli alikuja kwetu. Alikuwa ameficha kitu kwenye kiganja. Risasi moja nzuri, ya zamani, aliyokuwa ameiweka ndani ya soksi asimwambie hata mkewe.

"Kaa nayo wewe," akamwambia shemeji. "Kwangu mimi hii ni mlio tu. Kwako wewe moja ni moja."

Mlinzi wa miwa akaleta yake. Wafugaji wakaleta. Watu wote wale walioapa kwa Kesho kwamba hawana hata ya dawa, kumbe kila mmoja alikuwa na yake moja chini ya godoro. Kopo la maziwa ya unga halikujaa, ila lilianza kulia tena ukilitikisa.

Asubuhi yake tulimkuta Bwana Mlio amesimama kwenye ua wetu, kofia mkononi.

"Mtihani ujao," akasema, "na mimi nitatakiwa kupiga. Nilikuwa nauliza… yale mambo ya sarafu."

"Ganda moja, mbuzi mmoja," mama akasema papo hapo.

"Mama!" shemeji akamwambia, huku akicheka. Akamtandikia Bwana Mlio gunia, akampa bunduki yenye ganda tupu ndani, akamwekea sarafu juu ya mtutu kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume yule mkubwa akalala kifudifudi kwenye vumbi, akalenga choo.

Mama akavuta kigoda karibu, akachagua sufuria kubwa kuliko zote.